Hifadhidata ilizaliwa kiwandani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na sababu si uvivu (sawa, si uvivu peke yake). Nilipewa kazi ya kuandika programu ya stoo kwa karakana moja inayotengeneza madawati ya shule. Nilipowauliza wenyewe wanajuaje wanunue nini leo na wakate nini kesho, nikaona swali hilo lina umri mkubwa kuliko tarakilishi yenyewe. Nikaanza kusoma. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kukutana na vitu ninavyovitumia kila siku kazini bila kujua vilikotoka. Kwa hivyo wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya somo la PHP, vumilieni. Leo tunakwenda kiwandani.

Swali lenyewe ni hili: tutengeneze kitu gani, kingapi, na tuanze lini? Chukua karakana yetu. Shule imeagiza madawati 40. Dawati moja lina fremu moja ya chuma, mbao mbili na bolti 12. Stoo kuna mbao 30 na bolti 200. Basi tunahitaji mbao 80, tuna 30, tununue 50. Tunahitaji bolti 480, tuna 200, tununue 280. Fremu zitachukua siku nne kukatwa na kuchomelewa, na siku mbili za rangi, kwa hivyo ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kupeleka mzigo unajua bomba za chuma ziwe zimefika lini. Mpaka hapo ni hesabu ya shule ya msingi. Sasa badala ya dawati weka trekta yenye maelfu ya sehemu, nyingine ndani ya nyingine, na modeli kumi zinazotumia bolti ileile. Hapo kalamu na karatasi vinasalimu amri.

Kabla ya karne ya 20, katika viwanda vingi aliyebeba majibu hayo alikuwa msimamizi wa karakana. Yeye ndiye aliyejua kazi gani iko kwenye mashine gani, na akiugua, kiwanda kizima kinapapasa. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alitaka maarifa hayo yatoke kichwani mwa msimamizi yaingie ofisini, kwenye karatasi, chini ya idara maalum ya kupanga. Mwenzake Henry Gantt akachora michoro ya pau za muda ambayo mameneja wa miradi wanatutesea nayo mpaka leo. (Mpoland Karol Adamiecki alikuwa ameshabuni mchoro wa aina hiyo tangu 1896, lakini jina likabaki la Gantt.) Nawapita haraka kwa sababu michoro hiyo inaonyesha mpango bila kukusaidia kuukokotoa.

Aliyenivutia zaidi ni Ford Whitman Harris. Mwaka 1913, mtu huyu ambaye hakuwa na digrii yoyote alichapisha makala fupi katika gazeti la mameneja wa viwanda akiuliza: ni vipande vingapi tutengeneze kwa mkupuo mmoja? Tatizo lake lilikuwa hili. Kila ukibadilisha mashine kutoka kipande cha aina moja kwenda kingine unapoteza muda na pesa. Hivyo unatamani kutengeneza fungu kubwa ili gharama hiyo igawanyike. Lakini fungu kubwa hukaa stoo, linakula nafasi, linashika kutu, na pesa zako zimelala humo. Harris akatafuta mahali gharama hizo mbili zinapokutana, akapata fomula: zidisha 2 kwa mahitaji ya mwaka, zidisha kwa gharama ya kutayarisha mashine mara moja, gawanya kwa gharama ya kuweka kipande kimoja stoo kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Jaribu na namba. Unahitaji vipande 1,200 kwa mwaka. Kutayarisha mashine kunagharimu shilingi 600. Kipande kimoja kukaa stoo mwaka mzima ni shilingi 4. Jibu ni fungu la vipande 600, yaani utengeneze mara mbili kwa mwaka. Iweke kando hiyo shilingi 600 ya kutayarisha mashine. Tutairudia.

Makala ya Harris yalisahaulika kwa miongo mingi. Fomula ikaendelea kutumika na kufundishwa, mara nyingi kwa jina la mtu mwingine aliyeieneza katika miaka ya 1930, hadi mtafiti mmoja alipoyafukua tena makala yenyewe mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyie mnaonakili kodi za watu na kufuta jina la mwandishi, mambo hayo hayakuanza na intaneti :-)

Usimchanganye Harris na Henry Ford, ambaye mwaka huohuo wa 1913 alianzisha mstari unaotembea wa kuunganishia magari pale Highland Park, Michigan. Kuunganisha chasisi moja kulikuwa kunachukua zaidi ya saa 12. Mwaka uliofuata kukawa kunachukua dakika 93. Watu husifia mkanda, lakini kwa upande wa kupanga, ujanja wa Ford ulikuwa kuua swali la kwanza. Kitu gani? Model T. Kesho je? Model T. Sehemu ni zilezile kila siku, kwa hivyo hesabu ikifanywa mara moja inatosha miaka. Bei ya ujanja huo ilionekana 1927, wateja walipochoka na gari moja. Model T ikasimamishwa na viwanda vikakaa miezi kadhaa vikigeuzwa ili kutengeneza Model A.

Wengine wasioweza kuuza kitu kimoja tu walibaki na fomula ya Harris na kanuni ya kukumbushia: kila sehemu ina kiwango chake, ikishuka chini yake, agiza fungu jingine. Maduka yetu mengi yanaendeshwa hivyo na hakuna ubaya wowote. Kiwandani kuna ubaya, na mtu aliyeueleza vizuri kuliko wote ni Joseph Orlicky, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akifanya kazi kwa J.I. Case, watengenezaji wa matrekta huko Racine, Wisconsin, na baadaye IBM.

Orlicky alitenganisha mahitaji ya aina mbili. Madawati mangapi yatanunuliwa muhula ujao? Hilo unabahatisha, hakuna njia nyingine. Lakini ukishaamua madawati 40, bolti si za kubahatisha tena. Ni 480, basi. Kanuni ya kukumbushia inaichukulia bolti kama mteja ameingia dukani kuinunua, na inabahatisha kitu ambacho kingeweza kukokotolewa. Halafu kuna jambo la pili, baya zaidi. Tuseme kila sehemu ina uwezekano wa asilimia 95 kuwepo stoo ukiihitaji. Inasikika vizuri. Bidhaa yenye sehemu 20 itahitaji zote 20 ziwepo siku moja, na 0.95 ikijizidisha mara 20 ni 0.36. Yaani mara nyingi kuliko si mara nyingi, utakuwa na stoo iliyojaa na kazi iliyosimama. Fundi yeyote aliyewahi kusubiri bolti sita huku amezungukwa na fremu 40 anaijua hali hiyo bila kufundishwa asilimia.

Dawa ilikuwa kufanya kwa kila sehemu kile tulichofanya kwa dawati: anza na mpango wa bidhaa kamili, fungua orodha ya sehemu zake, ondoa kilichopo stoo, rudi nyuma kwa muda wa kusubiri, kisha ufanye vivyo hivyo kwa sehemu za sehemu, mpaka chini kabisa. Hesabu ni nyepesi, ila ni mamilioni. Ilihitaji tarakilishi, tena si tarakilishi yoyote.

Wenzangu waandishi wa programu, hapa ndipo niliposimama nikavuta kiti. Tatizo la kiwanda halikuwa kasi ya kujumlisha. Lilikuwa kuifikia rekodi. Data ilikuwa kwenye kadi zenye matundu au tepu za sumaku, na tepu husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifungua orodha ya sehemu za trekta unaruka: mara bolti, mara gurudumu, mara tena bolti. Kwa tepu huwezi kuruka hivyo. Diski ya kwanza kuuzwa ilikuja na mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, mwaka 1956: sahani 50 zenye upana wa inchi 24, nafasi ya herufi milioni 5. Picha uliyopiga asubuhi kwa simu yako pengine isingeenea humo. Lakini mkono wake uliweza kwenda moja kwa moja kwenye rekodi unayoitaka, na kwa viwanda hilo lilibadilisha kila kitu.

Baada ya diski, ikaja haja ya programu ya kuzipanga rekodi hizo. Charles Bachman wa General Electric alikuwa kwenye mradi wa mfumo wa kuendesha viwanda vya kampuni hiyo mapema miaka ya 1960. Ili mfumo huo ufanye kazi, akaunda chombo cha kuunganisha rekodi na rekodi kwa viungo, akakiita Integrated Data Store. Wengi hukihesabu kuwa mfumo wa kwanza wa hifadhidata. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Turing mwaka 1973.

Mwaka 1966 IBM, pamoja na Rockwell na Caterpillar, wakaanza kuunda mfumo mwingine. Rockwell walikuwa wakitengeneza sehemu za safari ya Apollo, na walihitaji mahali pa kuweka orodha kubwa mno ya sehemu hizo. Mfumo huo ulikuja kuitwa IMS. Data yake imekaa kama mti, kwa sababu orodha ya sehemu ni mti: chombo kina injini, injini ina pampu, pampu ina skrubu. Ulianza kazi 1968, mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezi, na hadi leo IBM bado inauuza, hasa kwa mabenki na makampuni ya bima.

Na 1970 Edgar Codd, naye wa IBM, akachapisha makala iliyozaa majedwali tunayoyaandikia SQL. Angalia mifano aliyoitumia: muuzaji, sehemu, mradi, idadi. Kuna hata jedwali linaloonyesha sehemu gani ni kijenzi cha sehemu gani, na vingapi. Sote tuliosoma hifadhidata chuoni tulikariri majedwali ya wauzaji na sehemu, na mimi nilidhani ni mifano tu ya kuchosha wanafunzi. Kumbe ndilo tatizo lenyewe lililowatoa jasho wazee hawa.

Basi kufikia 1975 Orlicky alipotoa kitabu chake, hesabu ilikuwa imeshinda. Chama cha wapangaji wa Marekani kiliendesha kampeni kama ya injili kueneza mbinu hii, mwenzake Oliver Wight akazunguka kuifundisha, na huko Ujerumani wahandisi watano waliotoka IBM walikuwa wameshaanzisha kampuni iitwayo SAP mwaka 1972. Mifumo mikubwa ya kampuni tunayoiona leo imejengwa juu ya mti ule wa sehemu.

Lakini viwanda vingi vilinunua mfumo na havikupata raha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, tena la mamilioni ya dola, ila halikufanana na stoo. Mfumo ukiamini kuna bolti 200 na kumbe zipo 20, hautauliza mtu. Utaagiza 280 na siku ya kazi utapungukiwa 180, kwa uhakika kabisa. Msimamizi wa zamani alikuwa anachungulia debe la bolti kwa jicho. Ndiyo maana Wight alisisitiza mambo yasiyo na mvuto wowote: stoo iwe na kufuli, kila kitokacho kiandikwe, na badala ya kuhesabu mara moja kwa mwaka, kila siku hesabu sehemu chache na utafute kwa nini zimepishana na rekodi. Kwenye karakana ya madawati, kipengele nilichokiandika kwa saa mbili, cha kumpa mtunza stoo vitu vitano vya kuhesabu kila asubuhi, ndicho kinachotumika kuliko vyote. Ripoti yangu yenye grafu za rangi haifunguliwi na mtu.

Tatizo la pili ni muda. Mfumo unaambiwa fremu inachukua siku sita, na unaiamini namba hiyo kama amri ya Mungu. Sasa fikiria kazi zinachelewa. Mpangaji anaona afadhali aandike siku 12 ili awe salama. Mfumo unatii, unaachilia oda za wiki ijayo leo. Karakana inajaa. Mwaka 1961 John Little alithibitisha uhusiano ambao kila mtu wa mitandao anaujua: idadi iliyomo ndani ni kasi ya kutoka mara muda wa kukaa ndani. Ukiwa na fremu 60 zinazosubiri na unamaliza 10 kwa siku, ya mwisho itatoka baada ya siku 6. Ukiongeza ziwe 120, mafundi ni walewale, itatoka baada ya siku 12. Namba ya uongo imejifanya kweli. Mpangaji anaandika siku 18.

Huko Japani kulikuwa na mtu aliyelikabili jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika: magari yamerundikana bila wanunuzi, wafanyakazi wamegoma, mwanzilishi Kiichiro Toyoda amejiuzulu. Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya mashine, hakuwa na pesa za kulaza stoo wala tarakilishi ya kuhesabia. Wazo lake alilifananisha na maduka ya kujihudumia ya Marekani: mteja anachukua anachohitaji, na mwenye duka anajaza pengo tu. Kiwandani, kila sanduku la sehemu likapewa kadi. Hatua inayofuata ikichukua sanduku, kadi inavuliwa na kurudishwa nyuma, na kadi hiyo ndiyo ruhusa ya kutengeneza sanduku jingine. Hakuna kadi, hakuna kazi. Kadi hiyo ndiyo kanban. Kwa lugha yetu ni foleni yenye kikomo: kadi zikiwa 8, masanduku hayawezi kuzidi 8, hata mpangaji aote nini. Fremu 120 haziwezi kurundikana.

Kanban peke yake ingekufa kama mafungu yangebaki makubwa. Na hapa turudi kwenye ile shilingi 600 ya Harris. Yeye aliichukua gharama ya kutayarisha mashine kama hali ya hewa: ipo, panga ukiizingatia. Toyota waliiona kama kitu cha kushambuliwa. Mwaka 1969 mhandisi Shigeo Shingo alikuta shinikizo la tani 1,000 linalobadilishwa kalibu kwa saa 4. Baada ya miezi kadhaa ikawa dakika 90, kisha dakika 3. Weka kwenye fomula: shilingi 600 ikishuka ikawa 6, fungu la 600 linakuwa 60. Fomula ni ileile, ila stoo imebaki sehemu moja kwa kumi. Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa kuliko kadi zenyewe, ingawa kadi ndizo zilizopata umaarufu na sasa zimebandikwa kwenye kuta za ofisi za programu hadi Nairobi.

Tusidanganyane kwamba Toyota walitupa mpango. Idadi ya mwezi hupangwa na kusawazishwa mapema, na wauzaji wa sehemu huipata. Tena kadi inataka jirani. Wauzaji wengi wa Toyota wako mwendo mfupi kutoka kiwandani. Magari yanayounganishwa Thika au Mombasa hutegemea sehemu nyingi zinazokuja kwa meli, na huwezi kumrudishia kadi mtu aliye ng'ambo ya bahari ukatarajia sanduku jioni. Huko unarudi kwa Orlicky, utake usitake. Na ukibahatisha idadi ya mwanzo vibaya, hesabu yote ya chini inafuata upotofu huo: mwaka 2001 Nike walitangaza mauzo yamepungua kwa takriban dola milioni 100 baada ya mfumo mpya wa kupanga kuagiza viatu vingi visivyotakiwa na vichache vilivyotakiwa.

Nayo stoo ndogo ina hatari yake. Februari 1, 1997, moto uliunguza kiwanda cha Aisin huko Kariya kilichowatengenezea Toyota karibu vali zote za aina moja ya breki. Akiba ilikuwa ya saa chache. Viwanda vya Toyota vikasimama, na vikaanza tena ndani ya wiki moja hivi kwa sababu makampuni mengi ya jirani, mengine hayajawahi kutengeneza vali, yaliingia kazini usiku na mchana.

Kisha ikaja Agosti 29, 2023. Kufikia wakati huo oda za sehemu zilikuwa zinapita kwenye mfumo wa tarakilishi. Siku mbili kabla, wakati wa matengenezo ya kawaida, data iliyojilimbikiza kwenye hifadhidata ilikuwa ikifutwa na kupangwa upya. Nafasi ya diski haikutosha. Seva zikasimama. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo uleule, kwa hivyo nazo zikagonga ukuta uleule. Bila oda, sehemu haziji. Bila sehemu, mistari 28 katika viwanda vyote 14 vya kuunganisha magari vya Toyota nchini Japani ikasimama, ingawa hakuna mashine iliyoharibika wala fundi aliyekosekana. Data ikahamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi, na kesho yake magari yakaanza kutoka tena.